Namba Yako Imezuiwa: Utume Ujumbe, Uazime Simu au Umtume Mtu?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa wakala wa miamala ya simu mjini Kigoma, katika kibanda kisicho mbali na soko la Mwanga, na miongoni mwa maombi ninayoyapokea kila wiki lipo moja lisilohusiana na kuweka wala kutoa pesa: "Kaka, naomba simu yako nimpigie mtu mara moja, yangu haiendi." Mwanzoni nilikuwa naazima bila kuuliza. Baadaye nilitambua kwamba nyingi kati ya simu hizo "zisizokwenda" zinakwenda vizuri kabisa, ila mtu anayepigiwa ameizuia namba ya mpigaji, au kama vijana wanavyosema, kampiga bloku. Kwa kuwa mtu wa namna hiyo huwa amefadhaika na yuko tayari kushika lolote lililo karibu, nimeona inafaa kuziweka njia alizonazo kando kwa kando, ili achague akiwa ametulia.

Nitaje msimamo wangu mapema. Njia inayokutambulisha wewe ni nani, ikasema shida yako mara moja, kisha ikamwachia mwenzako nafasi ya kukataa, ni bora kuliko njia inayomnasa apokee bila kujua anaongea na nani. Msimamo huu unatokana na adabu, lakini unatokana zaidi na yale niliyoyaona: simu ya kunasa hupokewa mara moja tu, na baada ya hapo mlango uliokuwa umefungwa huwekewa na komeo.

Kabla ya kuchagua, hakikisha kwamba kweli umezuiwa

Katika simu nyingi tunazotumia, uzuiaji haufanywi na kampuni ya mtandao bali hufanywa na simu yenyewe ya yule unayempigia. Mtandao huufikisha mwito wako hadi kwenye kifaa chake kama kawaida, na ni kifaa hicho kinachotazama orodha ya namba zilizokataliwa, kikaikuta yako, kikaukata mwito kabla mwenyewe hajasikia mlio. Ndiyo sababu dalili za kuzuiwa hutofautiana na dalili za simu iliyozimwa. Simu ikiwa imezimwa au iko nje ya mtandao, ile sauti ya kukuambia kwamba mteja hapatikani hukujia moja kwa moja. Ukiwa umezuiwa, mara nyingi utasikia mlio mfupi kisha mwito ukatike, au utaelezwa kwamba namba inatumika, na hali hiyo itajirudia vilevile asubuhi, mchana na usiku. Kujirudia huko ndiko kwenye uzito. Mwito mmoja uliokatika hauthibitishi chochote, kwa sababu mtu anayeongea na mwingine, au aliyeiweka simu yake katika hali ya kutosumbuliwa, huweza kukupa dalili zilezile.

Sisi wa huku tuna sababu za ziada za kutofanya haraka. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na kulala mchana, kwa hiyo mtu asiyepokea saa nne asubuhi huenda ndiyo kwanza amejilaza. Ukipanda boti Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini, mtandao hukatika katika sehemu kadhaa chini ya milima, na ukifika Kagunga karibu na mpaka, simu huweza kudaka mnara wa Burundi na kuuacha wa kwetu. Mwanamke mmoja alinijia akiwa amevimba macho kwa kulia, akiamini kwamba mumewe amemzuia. Siku ya pili yake bwana huyo aliteremka Kibirizi na kumpigia yeye mwenyewe, hata hakujua kwamba alikuwa akitafutwa.

Kuna pia kuzuiwa kwa bahati mbaya, hasa katika nyumba ambayo watoto huchezea simu janja ya mzazi. Kosa hilo ni la kawaida kuliko wengi wanavyodhani, na mtu aliyelitenda hana habari kwamba umekasirika. Basi pima kwa siku mbili au tatu, kwa saa tofauti, na usizidishe miito miwili kwa siku. Ukipiga mara thelathini kwa saa moja hutapata jibu la swali lako, na huenda asiyekuwa amekuzuia akakuzuia siku hiyohiyo.

Ujumbe mfupi na WhatsApp

Orodha ya namba zilizokataliwa iliyomo kwenye simu kwa kawaida huzuia miito na ujumbe mfupi kwa pamoja, lakini WhatsApp ina orodha yake yenyewe. Mtu anaweza kuwa amekuzuia kwenye simu huku WhatsApp ikiwa wazi, au kinyume chake. Watu wengi wanaokuja kibandani hawalijui jambo hili, na baadhi yao wameondoka bila hata kuhitaji simu yangu.

Ujumbe mfupi una sifa moja ambayo WhatsApp haina: haumlazimu mpokeaji kuwa na bando wala simu janja, kwa hiyo kwa mzee wa Kasulu au Buhigwe anayetumia kiswaswadu, ndiyo njia pekee ya maandishi. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kujua umeishia wapi. Katika simu nyingi za Android, ujumbe kutoka namba iliyozuiwa hupokelewa na kifaa kimyakimya, kisha huwekwa kwenye sehemu ya jumbe zilizozuiwa, ambako mwenyewe huweza kuukuta siku akipita huko, au asiukute kabisa. Katika iPhone hauonekani. Kwa hiyo ile taarifa ya kwamba ujumbe "umefika" isikudanganye: maana yake ni kwamba umefika kwenye kifaa, na macho ya mwenyewe ni jambo jingine. Nimeona ndugu wawili wakigombana vibaya kwa sababu mmoja alishikilia kwamba mwenzake alisoma na kupuuza, wakati ujumbe ulikuwa umelala mahali ambapo mpokeaji hakujua kama papo.

WhatsApp hukupa dalili zaidi. Ukiwa umezuiwa, ujumbe hubaki na tiki moja, picha yake huacha kuonekana, na huoni mara ya mwisho alipokuwa mtandaoni. Dalili moja peke yake haitoshi, kwani tiki moja huweza kuwa bando lililokwisha, na picha huweza kuwa imefichwa kwa kila mtu. Zikikutana zote tatu kwa siku kadhaa, basi jua kwamba na huko pamefungwa. Zikikosekana, maana yake mwenzako amefunga miito na kuacha maandishi, na mimi huiona hali hiyo kuwa ni lugha: anasema niandikie, usinipigie. Mheshimu kwa kuandika mara moja, kwa utulivu, na bila ujumbe wa sauti wa dakika sita.

Kuna wanaouliza kuhusu kundi la WhatsApp wanaloshiriki wote wawili, liwe la ukoo, la kikoba au la waliosoma pamoja. Ni kweli kwamba kuzuiwa hakufichi maneno yako ndani ya kundi, atayaona. Lakini wahenga walisema penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Kumwambia mtu mbele ya wanachama hamsini kwamba amekuzuia ni kumwaibisha, na aliyeaibishwa hujitetea kwanza kabla ya kusikiliza. Tumia kundi kwa jambo la wote tu, kama taarifa ya msiba.

Ikiwa utachagua maandishi, ubora wa njia hii uko katika maneno yenyewe. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akidaiwa alinionyesha ujumbe aliotaka kuutuma, uliojaa lawama tangu mstari wa kwanza. Tulikaa tukauandika upya hivi: "Shikamoo mzee. Ni mimi niliyechukua mzigo wa dagaa kwako Katonga mwezi uliopita. Siandiki ili tubishane. Nimepata nusu ya pesa yako, naomba uniambie niilete wapi. Usiponijibu, nitamkabidhi mwanao mbele ya shahidi." Ujumbe huo unamtambulisha mwandishi, unataja shida moja, na unaonyesha kitakachofuata bila kutisha.

Simu ya kuazima, laini nyingine na kuficha namba

Njia hizi tatu ndizo zinazotumiwa zaidi, na kati ya zote ndizo ninazozipendekeza kwa uchache, ingawa haziko sawa.

Simu ya kuazima hufaa pale tu jambo linapokuwa la haraka kweli, kama ugonjwa, ajali au msiba, na pale mwenye simu anapojua unampigia nani na kwa nini. Ukipokewa, sema jina lako katika sentensi ya kwanza, toa habari, uliza kama ameelewa, kata. Ubaya wake mkubwa humwangukia mwenye simu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na malalamiko yakifika polisi, mwenye laini ndiye atakayeulizwa kwanza. Ndiyo maana siku hizi kibandani naomba nipige mimi mwenyewe, niseme, "Yupo mtu hapa anaitwa fulani, anaomba kuongea nawe kuhusu jambo hili, je, uko tayari?" Wakati mwingine jibu huwa ndiyo. Likiwa hapana, mteja wangu amelisikia kwa masikio yake, na hilo nalo ni jibu.

Laini nyingine ina kasoro ambayo miaka ya nyuma haikuwa kubwa hivi. Utapeli wa simu umetufundisha sote kuihofia namba ngeni inayosema "hii ndiyo namba yangu mpya", kwa sababu hivyohivyo ndivyo wanavyoanza wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Hata TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, imeweka namba 15040 ya kupokelea taarifa za namba za matapeli. Kwa hiyo ujumbe wako wa kweli, uliotoka kwenye laini ngeni, huweza kufutwa kama utapeli kabla haujasomwa hadi mwisho. Na ukitambuliwa, laini hiyo nayo itazuiwa, halafu utakuwa umetumia pesa kununua uthibitisho kwamba hukuelewa ulipokatazwa mara ya kwanza.

Kuficha namba ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Huduma hiyo hutegemea mtandao, haifanyi kazi kwa ujumbe mfupi, na simu nyingi zina mpangilio wa kukataa miito isiyo na namba. Zaidi ya hayo, mwito usio na namba humtia mtu hofu, hasa mwanamke anayeishi peke yake, na sijaona shida halali ambayo inahitaji mtu aliyekwisha kukuzuia aogopeshwe kwanza.

Hapa lazima nitaje sheria, maana baadhi ya wanaokuja hudhani kwamba kupiga simu ni haki isiyo na mwisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ujumbe mmoja wa heshima haufikii huko. Mtu anayebadilisha laini ya tatu ili aendelee kutukana amekwisha kukaribia sana. Na kama aliyekuzuia alikuwa mpenzi au mwenzi wako na amesema wazi kwamba hataki mawasiliano, basi katika ulinganisho huu wote hakuna njia inayokufaa. Kinachokufaa ni kuacha.

Kutuma pesa

Wapo waliogundua kwamba taarifa ya muamala huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtumaji, kwa hiyo haizuiwi na orodha iliyomo kwenye simu. Ukituma pesa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, mpokeaji huona kiasi pamoja na jina la aliyetuma. Kwa mtu anayedaiwa, au baba anayetaka kupeleka matumizi ya mtoto wakati mama hataki kusikia sauti yake, hii ni njia nzuri kuliko zote nilizokwisha kuzitaja: inafika, ina jina, ina kumbukumbu ya tarehe, na haimlazimu mtu kuongea.

Kwa kubisha hodi tu, haifai. Anayetuma shilingi 500 kila jioni ili jina lake lionekane analipia usumbufu wake mwenyewe, makato juu, na mpokeaji makini huweza kuingiwa na hofu kwamba ni mtego wa wale wanaotuma kidogo kisha wakadai imetumwa kimakosa.

Mtu wa kati

Simu ilipokuwa haijafika, watu wa Ujiji na wa milimani walikuwa na njia yao ya kumfikia aliyenuna: walimtuma mtu. Naamini hadi leo, kwa aliyezuiwa na mtu anayemfahamu, hakuna njia inayoishinda hii. Mtu wa kati huiona sura ya anayeambiwa, hujua wakati wa kunyamaza, na huweza kurudi na jibu ambalo lisingeandikwa kamwe kwenye simu, kama vile "amekasirika kwa sababu ulimsema kwa mama yake." Mara nyingi aliyezuiwa hajui hata kosa lake ni lipi, na simu ya kuazima haitamweleza.

Suala ni kumchagua. Rafiki wa karibu sana wa upande wako atasikika kama wakili wako. Ndugu wa upande wake anayekuheshimu ni bora: shemeji, mjomba, au mzee wa msikiti au kanisa anakosali. Mweleze jambo moja tu la kufikisha, na umwombe asitoe ahadi kwa niaba yako. Usimtume mtoto, ni kosa linalotendeka sana katika nyumba zilizotengana, na mtoto hubeba maneno yaliyo mazito kuliko umri wake.

Kwenda mwenyewe ni njia ya pili yake, na hufaa kwa jambo la kibiashara, mchana, mahali penye watu kama mwaloni, yaani ufukweni samaki wanakoshushwa, au dukani. Nauli ya kwenda na kurudi Kasulu si ndogo, kwa hiyo tanguliza habari kupitia mtu mwingine kwamba unakuja. Kumvamia mtu nyumbani kwake usiku kwa sababu hapokei simu kutakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa mshitakiwa, hata kama ulikuwa na haki.

Shida zenye ofisi zake

Baadhi ya mambo hayapaswi kutegemea hisani ya mtu kuiondoa namba yako kwenye orodha. Matunzo ya mtoto ni mojawapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto, na mama aliyezuiwa na baba wa mtoto anaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, ambaye wito wake haukatwi kama mwito wa simu. Nimewaona akina mama wakitumia miezi kuomba simu za watu ilhali ofisi hiyo iko mwendo wa bodaboda tu. Mtoto akiwa katika hatari, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, na 112 ni ya polisi. Kwa deni lenye maandishi au mashahidi, mwenyekiti wa mtaa huweza kuwakutanisha, na Mahakama ya Mwanzo hupokea madai madogo. Ofisi ina ubaya wake: ni ya polepole na huacha makovu katika uhusiano. Ndiyo maana naiweka baada ya mtu wa kati, isipokuwa pale mtoto anapolala njaa.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi njia hizi zinavyopimana. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, maombi ya kuazima simu kibandani kwangu yaliongezeka, kwa sababu pesa zilikuwa zimetangulizwa na dagaa hawakuwepo. Mama mmoja mchuuzi alikuwa amemtangulizia mwenye chombo malipo ya mzigo, naye akamzuia. Alijaribu laini ya binti yake. Ikapokewa mara moja, wakatukanana, ikazuiwa. Alijaribu simu ya jirani, haikupokewa. Nilimshauri amtafute shemeji wa yule bwana, ambaye walikuwa wakisalimiana sokoni, na apeleke neno moja tu: kwamba hadai pesa leo, anataka kujua atalipwa lini. Baada ya siku mbili jibu lilirudi kwamba bwana huyo aliona aibu kupokea simu akiwa hana kitu, na kwamba atalipa kwa mafungu mawili ziwa likifunguliwa.

Fungu la kwanza liliingia mwishoni mwa Agosti. Mama alikuja kulitoa kwangu, na kabla ya kuondoka alijaribu kumpigia ili amshukuru. Mlio mmoja mfupi, ukakatika. Akaiweka simu kwenye kitenge, akaenda kumtafuta shemeji.